Utepe Mdomoni

Kwaraaa! Sikia, rafiki yangu Tevita: nahodha wetu Semisi alikuwa akichana utepe ili tufunike nembo ya ligi kwenye jezi zetu za raga.

“Leo hakuna kuongea na runinga,” akasema, “mpaka ligi isaini mkataba wa mishahara, na matibabu ya wastaafu yawemo.”

Mechini nikafunga trai mbili, bwana! Mwandishi wa runinga akaninyooshea maikrofoni. Nami shairi la kuwasuta wakubwa wa ligi ninalo moyoni! Beti mbili nzima, mubashara, Sydney yote isikie!

Semisi akaja mbio akanibandika utepe mdomoni. Mdomoni, Tevita!

Kwenye chumba cha kubadilishia jezi, Mjomba Viliami, aliyestaafu raga na goti bovu, alikuwa akicheka mpaka machozi. “Mshairi, utaniponza wewe, nikose matibabu!”

Nikamshika mkono. “Mjomba, runinga haitapata neno langu hadi goti lako litibiwe.”