Masomo ya Simu Hayakupokelewa

Sabra,

Muhogo umo sufuriani, samaki nimewafunika. Mvua ikija uanue mwani.

Asubuhi ulipokuwa pwani walipiga simu kutoka chuoni Dar, nikapokea. Yule binti alinipa shikamoo vizuri, kisha akasema yale masomo tisa uliyosoma mtandaoni hawalipokei hata moja. Ukitaka digrii uanze mwaka wa kwanza. Nikamwambia, "Mwanangu, miaka miwili huyu kasoma kwa simu, kasimama nyuma ya choo, ndiko mtandao unakoshika!" Akasema, "Pole, bibi."

Uliporudi ulikuwa unacheka, nikashindwa kukwambia.

~~Usilie.~~ Lia, ila ule kwanza.

Nimekwenda kwa jirani Mwanaharusi kumwambia asikune nazi za wali wa dua yako ya safari ya Dar.

Bibi yako