Marahaba ya Chiriku

Nyumba za Walimu,
S.L.P. 47.
Ijumaa, 14 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuacha? Huku afya tunayo, ila roho yangu iko juu juu wiki nzima. Tafadhali soma ukiwa umeketi.

Binti yako Chiriku anakula vizuri hapa kwangu. Kandambili za nyumba nzima bado anazipanga mlangoni kwa rangi, na ukisogeza moja, ole wako.

Tatizo ni darasani. Wewe ulimfundisha kuamkia, lakini yeye alichokishika ni jibu. Jumatatu mwalimu mkuu aliingia, wenzake wakasimama na shikamoo zao. Chiriku akabaki ameketi, akasema, "Marahaba." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu wake akamfokea, "Nani kakufundisha jeuri?" Naye akamrudishia vilevile, "Nani kakufundisha jeuri?" Akachapwa viboko vitatu. Nisamehe, nilikuwa nikifundisha darasa la jirani tu, na sikusikia.

Nimewaeleza walimu wenzangu kwamba huu ni usonji, kwamba kurudia maneno ndiyo njia yake ya kujibu. Mmoja akaniuliza kama unaambukiza. Watu na vyeti vyao! Lakini hata mimi chuoni sikufundishwa. Nimeyajua mwaka jana tu, kwenye semina ya siku mbili.

Tangu Jumatatu Chiriku hajatamka neno. Mwalimu wake anajisifu, "Umeona? Kanyooka." Hapo ndipo ninapoogopa, mdogo wangu, maana nami niliwahi kusema hivyohivyo. Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa na mtoto aliyerudia kila nilichosema. Nilimchapa mpaka akaacha kurudia. Akaacha hata kusema. Mama yake alimhamisha, na sauti ile sikuisikia tena.

Jumatatu ijayo tuna kikao cha walimu. Nitasimama niwaambie habari za mtoto yule, wanione nilivyo. Mficha uchi hazai.

Msalimie sana shemeji. Shangazi fundi cherehani mwambie sare imemkaa Chiriku sawasawa. Mungu akufunike huko, nami anipe ulimi.

Nilitaka kuishia hapa, ila nikufiche nini. Kila asubuhi nikimfunga kamba za viatu, mimi na mvi zangu namwamkia yeye: "Shikamoo, mama." Halafu nasubiri.

Wako akupendaye, na mwoga,
Dada yako