Jaza Mpaka Niyaone

Fundi,

Leo asubuhi nimekusema vibaya mbele za watu, pale kituo cha mafuta Iyunga, na mkeo alikuwa amekaa ndani ya gari lako akinisikia. Nakuandikia mwenyewe kabla hujayapata kwa mwingine, maana huko uliko sijui habari zinafikaje.

Gereji bado ipo na bango lako sijalishusha. Lililonitia aibu ni hilo gari lako jeupe. Mama, huyo mkeo, analiendesha kila mwezi kwenda Iringa kusafisha kaburi lako, na kila akijaza mafuta linaanza vituko. Sailensa, ule mngurumo wa injini usipokanyaga mafuta, inapanda na kushuka, likisimama linatetemeka, mara linazima. Akifika Igawa, njiani, limetulia, utadhani si lenyewe. Akirudi akijaza tena, yaleyale.

Nikafanya wanavyofanya mafundi wote wa mji huu wakishindwa. Nilibadilisha plagi, nikasafisha nozeli, nikahamisha koili, halafu nikasema mafuta yamechakachuliwa. Hilo neno linanitia kinyaa sasa hivi. Tunalitamka kwa raha, tumekunja mikono, na mteja anaondoka ameridhika kwamba mwizi amepatikana. Tena mimi sikuishia gerejini. Nilikwenda kituoni nikamnyooshea kidole Atupele, dada anayejaza mafuta kwenye pampu ya pili, mbele ya bodaboda na madereva wa malori. Aliniambia taratibu, "Kaka, mama anatikisa gari. Namkataza, hanisikii." Nikamjibu, "Wewe unifundishe kazi?" Watu wakacheka. Nilifurahi walivyocheka, Fundi.

Wiki hiyohiyo mwenye kituo alimwondoa, maana madereva walianza kupita bila kusimama.

Gari likarudia vituko vyake, Atupele akiwa nyumbani kwao. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri, nimechelewa. Nilikwenda na dumu kwenye pampu ileile, nikamimina lita kumi kwenye tenki lililokuwa karibu kukauka. Injini ikanguruma vizuri kabisa. Mafuta ni hayohayo! Siku mama alipojaza tena, nikafungua boneti, nikaubana kwa koleo ule mpira unaotoka kwenye kopo la mkaa kuja kwenye injini. Sailensa ikatulia papo hapo. Nikalichomoa kopo. Kazi yake ni kunasa mvuke wa petroli tu, lakini lilikuwa limejaa petroli yenyewe, iliyofurika kutoka kwenye tenki lililojazwa kupita kiasi, ikanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nimenawa kwa kila sabuni na bado naisikia harufu yake.

Na nani alituzoesha kujaza hivyo? Wewe. Ulikuwa unalishika gari kwa nyuma, unalitikisa ili hewa itoke na mafuta yazidi kuingia, usije ukajaza njiani mahali usipopaamini. Bomba limeshakata lenyewe, wewe unamwambia anayejaza, "Jaza mpaka niyaone," unacheka na yale meno yako yaliyopishana. Mama anafanya hivyohivyo. Anatikisa kwa mikono miwili, kitenge kinamdondoka, watu wanamtazama, yeye hajali. Nadhani pale ndipo anapokuona.

Nilikwenda kwa mwenye kituo kuungama. Akasema neno langu halimtoshi, maana mimi ndiye niliyesema na lile la kwanza. "Mama mwenyewe aje aseme kwamba anatikisa, binti arudi." Nikamwomba mama. Akakataa katakata. "Nimwaibishe Baba Tumaini kwa watu wa mafuta? Mume wangu alikuwa fundi." Siku mbili nilimbembeleza. Leo akaja kweli, lakini alipofika akapandisha vioo na hakushuka.

Basi nikasema mimi. Atupele alikuwa ameitwa, amesimama kando na nguo zake za nyumbani. Nikasimama palepale nilipomdhalilisha, nikasema kwa sauti kwamba dada huyu hakuiba chochote, kwamba Fundi wangu alikosea, na kwamba mimi nilijua.

Ndiyo, nilijua. Mwaka wako wa mwisho nililichomoa kopo lile kwa kazi nyingine, nikaliona limelowa. Nikalirudisha, nikakaza bolti, nikanyamaza, kwa sababu mwanafunzi hamkosoi fundi wake. Nilijiambia ni heshima. Heshima gani? Ulikuwa woga mtupu, na kwa woga huo mtu mwingine alifukuzwa kazi. Najichukia, Fundi, na leo nakuchukia kidogo na wewe, kwa kutufanya tukuogope hivyo.

Mama akashusha kioo. Nilijua sasa atanitukana. Akamtazama mwenye kituo, akamwambia, "Ni kweli. Tunatikisa." Akapandisha kioo tena.

Mchana Atupele alikuwa kwenye pampu yake. Hakunisalimia, na sina haki ya kumdai salamu. Mama nimemwekea kopo jipya, na jioni amejaza kwa ajili ya safari ya kesho ya kuja huko kwako. Bomba lilipokata alifunika tenki. Kisha akazunguka nyuma, akaliwekea gari mikono yote miwili, akasimama hivyo muda mrefu bila kulitikisa. Atupele akamngoja. Mimi nikageuka nikatazama barabara, maana nilikuwa nalia.

Nakuaga, Fundi wangu. Ulichonifundisha nitakifundisha chote, isipokuwa huko kutikisa. Na hii ndiyo ahadi yangu: yeyote atakayeshika spana gerejini kwetu, siku yake ya kwanza nitamwambia kwamba akiniona nakosea, aniseme nikiwa bado nasikia.

Mwanafunzi wako,
Lusajo