Nilimwambia Unakuja Nyuma

Mwajuma, rafiki yangu,

Leo nimerudi bwawani. Tangu uende sikuwa nimekanyaga kule, na hata leo nisingeenda kama daktari asingenigombeza mbele za watu. Sukari imepanda tena. Aliponiuliza kama bado nafanya mazoezi ya kutembea, nilitazama sakafu kama mtoto wa shule. Ningemwambia nini? Kwamba aliyekuwa ananitembeza amekufa?

Hilo ndilo linalonichoma. Mgonjwa nilikuwa mimi. Vidonge nilimeza mimi. Wewe ulikuwa mzima, unafunga duka lako la vitenge pale sokoni Mbulu, jioni unanipitia nyumbani na dumu tupu mkononi. Dumu lenyewe halikuwa na kazi. Ulisema, "Mama Emanueli, watu wazima wakizunguka bwawa mikono mitupu, mji mzima utasema tumechanganyikiwa." Basi tukalitembeza dumu lako njia yote ya bwawa, masika na kiangazi, wala hatukuwahi kuchota maji. Mimi nahema, wewe unaongea. Nikitaka kukaa kwenye mawe ya tuta unanivuta khanga: "Utakaa kwako!"

Kisha nikaenda Mogitu kumwona mjukuu, na huku nyuma kichwa kikakuuma. Presha, walisema. Wewe, presha! Niliporudi walikuwa wameshakuzika. Najua ndivyo dini yenu inavyotaka, maiti haicheleweshwi, na sina ugomvi na ndugu zako. Walinipokea vizuri, wakanipa chai. Lakini sisi tumezoea kupita kwenye jeneza, kuuangalia uso, kutupa udongo kidogo. Mimi sikuona kitu. Nilikuacha stendi unacheka, nikarudi nikakuta viatu vingi mlangoni kwako. Sasa moyo umekataa kuelewa. Mlango ukigongwa jioni, nasimama.

Dukani kwako yuko mtu wa vocha na chaja. Binti yako Rehema amehamia Katesh kwa shangazi yake. Alikuja kuniaga, akanipa shikamoo huku analia. Kanisani naimba mdomo tu. Chakula nakula kwa sababu kimewekwa mbele yangu. Nakuambia wewe, maana wengine wananiambia nishukuru kwa kila jambo, na mimi kwa hili sishukuru.

Basi leo nimetembea. Maji yamepungua, njia imechimbika kwa kwato za ng'ombe, na ule upepo wa baridi uko pale pale. Nilikwenda polepole mpaka ng'ambo, nikamkuta yule mzee wa kutoka Masieda anayenyweshea mifugo yake pale, yule uliyekuwa unamtania kwamba ng'ombe wake wamenenepa kuliko yeye. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akachungulia nyuma yangu, akauliza, "Mwenzako yuko wapi leo?"

Hana habari, Mwajuma. Katika mji huu wote amebaki mtu mmoja ambaye kwake wewe hujafa.

Nikamwambia, "Anakuja nyuma."

Akasema, "Haya, mwambie akaze mwendo, mvua hiyo inakuja." Nikaendelea. Nilipofika kwenye kona, ambapo hakuweza kuniona tena, nilisimama. Nilikusubiri. Mvua ikaninyeshea pale njiani, mwanamke mzima, nakusubiri wewe uliye kaburini, na Mungu anisamehe, tangu ufe sijawahi kujisikia vizuri namna ile. Ndiyo maana nimeogopa. Nimerudi nyumbani, na kabla ya kubadili nguo nimekaa kukuandikia.

Lala salama, Mwaju. Mungu akupokee, naamini ni yule yule tuliyekuwa tunamwomba kila mtu kwa upande wake. Kupona siahidi. Furaha siahidi. Naahidi hili moja: kesho nitarudi bwawani, nitamwamkia yule mzee, na kabla hajachungulia nyuma yangu nitamwambia umekufa. Nitalisema kwa mdomo wangu mwenyewe. Baada ya hapo hatakuwepo mtu yeyote duniani anayekusubiri, hata mimi.

Rafiki yako,
Mama Emanueli