Sifa Bila Ushahidi

Jumatatu, 6 Juni

Baridi! Kidato cha nne wamevaa sweta mbili mbili na bado wanatetemeka. Tumeanza kuchambua wahusika wa ile tamthilia ya mtawala anayeuawa na marafiki zake. Nikawakumbusha sheria yangu: sifa bila ushahidi kutoka kitabuni ni sifuri. Ukisema mtu ni mchoyo, nionyeshe alipomnyima mtu. Wakacheka – wimbo huu wanaujua.

Mchana Mhango wa hisabati akanivuta nyuma ya stoo. Keshokutwa wanakwenda mjini, ofisi ya elimu, kumshtaki mwalimu mkuu. Zgambo! Wako watatu, wananitaka na mimi. Eti nikisema mimi rafiki yake, wataamini. Nikauliza kafanya nini. Eti bado hajafanya, lakini angalia anavyokwenda: kesho ataigeuza shule boma lake, sisi tuwe wachunga ng'ombe wake.

Nikasema nitafikiri. Nafikiri nini? Ningekataa palepale.

Jumatano, 8 Juni

Nimekwenda.

Nilimwambia afisa kwamba Zgambo ana uchu wa madaraka, hashauriki. Maneno yalinitoka vizuri mno – mwalimu wa fasihi, bwana! Akithibitika hivyo, anavuliwa cheo na kuhamishwa. Njiani Mhango akanipiga bega: umemmaliza, kaka. Nikacheka nao. Kicheko kile kinaniuma kuliko maneno yenyewe.

Nilisema ni kwa ajili ya shule. Uongo. Tulianza kazi pamoja, chumba kimoja, sufuria moja. Akateuliwa yeye kuwa mwalimu mkuu. Iliniuma, basi.

Na huyu ndiye aliyelala chini na wanaume wa kwetu kwenye msiba wa mama yangu, mpaka matanga yakaisha.

Ijumaa, 10 Juni

Nusu ya darasa wameandika: mtawala ana uchu wa madaraka. Nikauliza, ushahidi? Temwani akasimama. Mwalimu, nimetafuta. Wanaolisema sana ni walewale waliomuua.

Lusungu akaropoka kutoka nyuma: lakini na rafiki yake kasema! Rafiki atamsingizia rafiki?

Temwani akamgeukia. Huyo ndiye hana kitu kabisa! Anasema *huenda* akibadilika atakuwa mbaya. Huenda! Mtu anachomwa kisu kwa huenda? Mpe sifuri, Mwalimu.

Darasa zima likapokea: Sifuri! Sifuri! Nikaiandika ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe. Nikawatoa kabla ya kengele, nikasingizia kichwa.

Jumapili, 12 Juni

Zgambo kaja baada ya kanisa. Kaingia bila hodi kama siku zote, akanawa, akakaa kwenye nsima, ugali wetu, na dagaa wa usipa. Akasema: wameniita kesho, mdogo wangu. Kuna walimu wamenichongea.

Nikauliza ni akina nani. Mimi! Niliuliza kwa mdomo huu!

Hawakuniambia, akasema, na sitaki kujua. Nikijua, nitawatazamaje asubuhi kwenye paredi? Ila wameniruhusu kwenda na mtu mmoja anayenijua. Nimekutaja wewe.

Tiwonge mke wangu akamwongezea nsima. Kikulacho ki nguoni mwako, shemeji, lakini kwa huyu umepona. Hawezi kukuangusha.

Nilifungua mdomo nimwambie. Kikatoka kingine: tunaondoka saa ngapi? Mnafiki mkubwa!

Jumatatu, 13 Juni

Niko kwenye benchi, ofisi ya elimu. Naandika mikono ipate kazi.

Njia nzima nilitaka kusema. Yeye anazungumzia paa la maabara, linavuja, na mitihani imekaribia. Akanunua mandasi ya kukaanga, akanipa lililo kubwa. Ndipo karani akapita na birika lake, mama mchangamfu. Akanitazama mimi: Mwalimu Chavula, umerudi! Wenzako wa Jumatano umewaacha wapi leo?

Zgambo hakugeuka. Alifuta mafuta ya mandasi vidoleni, taratibu. Nikasema: kaka... Akasema: niambie kitu kimoja tu. Nilikukosea wapi?

Aibu hii sijawahi kuionja. Ningetukanwa ingekuwa nafuu.

Akaitwa. Ndani wamewasha jiko la mkaa, joto lilitufikia mpaka nje. Akavua koti, akaniwekea mapajani bila kunitazama, akaingia.

Namsikia anaongea. Hapandishi sauti. Nimesikia jina langu.

Karani amechungulia. Hacheki tena. Mwalimu, wanauliza, leo wewe ni shahidi wa nani?

Bado amesimama mlangoni. Koti liko mapajani mwangu, lina uvuguvugu wake.