Wali wa Maembe wa Mama Yako

Kola, Agosti 2004

Mpendwa Mwende,

Hatujambo. Mbuzi amezaa mapacha, ila nyumba imekuwa kimya tangu tumzike babu yako.

Umeuliza kama tulimpenda mama yako mara moja. Hapana. Alipofika kutoka Austria alipika wali kwa maziwa, mayai na maembe, akauoka, akatugawia bila kuonja. Huku kwetu mpishi huonja kwanza mbele ya walaji, wajue hakuna sumu.

Hakuna aliyegusa sahani. Shangazi yako akaninong'oneza, "Wali wa sukari, na haonji? Huyu ametuletea kifo!"

Mama yako akaanza kulia. Babu akampa kijiko: "Onja wewe kwanza, mwanangu."

Akaonja, nasi tukala. Kumbe kwao mpishi huwangoja wageni waanze, kwa heshima.

Nikumbuke unaposali.

Nyanya yako