Jina Nililoliacha Magudju

Mpendwa Baba,

Kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza: mtu anapotwaa jina jipya, je, huwa amelikana lile la kwanza, au ameliweka pembeni tu? Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyorudi nayo kutoka Unguja ukaifanya faragha yetu sisi wawili.

Ulikuwa ukishona makubadhi barazani, Mutsamudu, redio iliposema kwamba Papa mpya amechukua jina la mtangulizi wake, aliyefariki baada ya mwezi mmoja tu. Nilikuuliza mtu mzima hupewaje jina. Ukanieleza, bila kuinua kichwa, kwamba wazee wao humpa jina la marehemu, kama sisi tunavyompa mtoto jina la babu yake, naye hana la kusema. Niliamini hivyo hadi nilipokwenda chuo kikuu Antananarivo, ambako mwenzangu wa chumbani, Mkatoliki, alicheka hadi akaketi. Papa hujichagulia mwenyewe, alisema. Likizo ilipofika nikakusahihisha kwa majivuno ya msomi. Uliweka sindano chini.

"Ajichagulie jina, na wazee wake wapo? Basi hana adabu."

Kisha kisiwa chetu, Nzwani, kikajitangaza dola, nami nimeshaolewa Moroni, kisiwani Ngazidja. Siku moja vijana walifunga njia pale Magudju, mtaa wa Moroni, wakiwasaka watu wa Nzwani. Nilikuwa kwenye teksi na mama mkwe wangu. Kando ya barabara, Bi Echati, jirani yetu wa Mutsamudu, alikuwa ameshateremshwa, ameketi juu ya furushi lake. Kijana mmoja aliinama dirishani akaniuliza, "Dada, binti wa nani, wa mji gani?" Ndivyo tunavyoulizana siku zote, hata arusini.

"Binti Mshangama. Wa Ikoni."

Nilitaja jina la baba mkwe wangu na mji wake, kwa lafudhi ya Ngazidja niliyojifunza jikoni kwao. Kijana alimgeukia mama mkwe akamtania kwamba hakujua Ikoni inazaa wanawake warefu hivi. Mama mkwe akamjibu kwamba angelishwa vizuri utotoni naye angerefuka. Wakacheka, wakatupisha. Bi Echati hakuondoa macho kwangu.

Aliporejeshwa Nzwani kwa boti, alikusimulia. Ulinipigia simu kutoka posta, sauti yako ikija na kupotea.

"Kumbe wamekuchagua Papa," ulisema, ukacheka, au ukakohoa. "Haya, na jina la zamani limezikwa wapi?"

Kabla sijajibu, laini ilikatika. Ilikaa imekatika miezi. Iliporudi, aliyepokea upande wa pili alinipa rambirambi.

Nimechoka, Baba. Juzi, katika maktaba ya shule ninakofundisha, nilifungua kitabu cha historia ya Mapapa nikajifunza upya, polepole, kile nilichodhani nakijua. Hakuna sheria inayomlazimisha Papa kubadili jina. Ni desturi tu. Mmoja wa mwanzo kufanya hivyo alikuwa na jina la mungu wa kipagani, akaona haifai. Wengine hutwaa jina la aliyewalea au kuwatangulia, kwa shukrani. Hapo wewe nawe hukukosea sana. Na hakuna aliyethubutu kujiita Petro, jina la Papa wa kwanza, ingawa hakuna aliyekataza. Wanaliacha kwa heshima.

Hapo nilipata kishawishi cha kujitetea: kwamba nami niliacha jina lako kwa heshima, nisilitaje mbele ya watu wale. Hoja ni nzuri, na siiamini. Niliogopa. Tena Papa huulizwa kwanza kama anakubali, ndipo huulizwa ataitwa nani. Mimi niliulizwa lile la pili tu. Lakini hata huu huenda ni utetezi mwingine, umevaa nguo za kitabu. Bi Echati naye aliulizwa swali hilohilo, akamtaja baba yake.

Kwa hiyo sijui kama nilikukana. Ningeweza kukata shauri kama ningejua jambo moja: kwenye simu ile, ulikuwa unacheka au unakohoa? Kama ulicheka, ulikuwa umeshanisamehe. Mama mkwe, niliyemweleza yote, anasema bila shaka ulicheka. Yeye hakukujua. Wewe pekee ndiwe ungenijibu, na hadi ulipofariki bahari ilikuwa imefungwa, boti haziendi Nzwani.

Pumzika, Baba.

Binti yako,
binti Sufiani, wa Mutsamudu